Rukia, Da' Mwanaidi asisubiri harusi

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, watoto shule, mama anakusalimu sana. Salamu nyingine nitazileta siku nyingine, maana ujumbe wako umeninyima usingizi. Unasema majibu ya Da' Mwanaidi yameandikwa kwamba saratani bado imo ndani ya vifereji vya maziwa, na kwa hiyo wakubwa wameamua asubiri mpaka harusi ya Shamte ipite. Hapana, Rukia. Hapana kabisa.

Kwamba imo ndani namshukuru Mungu, maana hapo uwezekano wa kupona ni mkubwa mno. Lakini nataka ujue kinachoizuia humo ndani ni nini, ili ukikaa na Mjomba Hamza uwe na la kumwambia.

Kila kifereji kimezungukwa na safu ya seli ambazo kazi yake ni kujikaza mtoto anaponyonya, maziwa yatoke. Seli hizo ndizo pia zinazosaidia kutengeneza utando mwembamba ulio nje yake, na zinazizuia seli mbaya zisitoke. Maabara tunazitia rangi, viini vyake vinakuwa vya kahawia. Ukiangalia kwenye hadubini unaona kifereji kimejaa seli zilizosongamana, na pembezoni vitone vya kahawia vimekizunguka kote. Halafu kuna slaidi nyingine: vitone vimezunguka vizuri, mara upande mmoja vinaanza kuachana, kimoja hapa, kingine kule mbali, kisha hakuna. Hapo ndipo utaona seli za saratani zimeshapenya na kuingia kwenye nyama ya jirani. Nikiona hivyo huwa namwombea mwenye slaidi, ingawa simjui.

Na hiyo nyama ya jirani haikai kimya. Kuna faibroblasti, seli zinazotengeneza nyuzi za kuunga kidonda. Saratani inazigeuza: zinamwaga kolajeni, ndizo nyuzi zenyewe, mpaka mahali pote panakuwa pagumu, na zinatoa kemikali za kuzihimiza seli mbaya zikue na kutembea. Ule ugumu unaousikia ukipapasa uvimbe mara nyingi ni nyuzi hizo. Makrofeji, ambazo ni seli za kinga, nazo hupotoshwa zikasaidia kuvuta mishipa mipya ya damu. Mafuta nayo yamo: kwa mwanamke aliyekoma hedhi kama Da' Mwanaidi, estrojeni nyingi hutengenezwa kwenye mafuta ya mwili, na saratani nyingi za titi zinakua kwa homoni hiyo.

Kwamba saratani hutegemea mahali ilipo si jambo geni. Mwaka 1889 daktari wa London, Stephen Paget, alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi. Akaona inakwenda sana kwenye ini, lakini kwenye wengu mara chache, ingawa vyote viwili vinapata damu tele. Akasema mbegu hutupwa kila upande, ila huota kwenye udongo unaoikubali. Kisha Mina Bissell na wenzake kule California, mwaka 1997, walizuia protini moja inayozishikiza seli za saratani ya titi kwenye tishu iliyozizunguka. Seli zikaacha kusambaa ovyo, zikajipanga upya karibu kama za titi lenye afya, na jeni zake mbovu zikiwa ni zile zile! Hiyo ilikuwa kwenye maabara, si dawa ya hospitali, usije ukampa mtu matumaini ya uongo. Lakini tangu niisome, siwezi tena kutazama seli ya saratani peke yake.

Ndiyo maana nasema asisubiri. Kweli, nyingine hukaa ndani miaka na hazitoki. Ila hakuna anayeweza kuapa kwamba ya Da' Mwanaidi ni ya namna hiyo. Na sindano ilichukua vijinyama vichache tu. Wakati mwingine daktari akishatoa sehemu yote ndipo inaonekana kuna mahali imeshapenya. Harusi inasogezwa, Rukia. Shamte mwenyewe akiambiwa ukweli ataisogeza, namjua. Na hiyo dawa ya Mzee Kombo, anywe akitaka kama daktari hatamkataza, lakini isiwe badala ya upasuaji.

Sasa nijibu. Daktari amempangia tarehe, au tarehe ipo na wao ndio wameikataa? Majibu yanasema chochote kuhusu vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni kama ile estrojeni? Ameambiwa kuhusu mionzi? Kinachowazuia hasa ni harusi, au ni pesa na wanaona haya kusema? Bima yake bado inafanya kazi? Na yeye mwenyewe anasemaje, maana katika ujumbe wote umeniandikia maneno ya watu wengine tu?

Nipigie picha ya majibu, kurasa zote. Ijumaa naomba ruhusa kazini, nikipata basi la asubuhi mchana niko Tanga, nitaongea na Mjomba mwenyewe.

Wako,
Salma