Tujenge kwa kufuata jua na upepo

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa kubana matumizi ya umeme majumbani. Tunahimizwa kuzima taa na kununua balbu za LED. Ushauri mzuri, lakini hapa Dar es Salaam kinachomaliza LUKU (umeme wa kulipia kabla) wakati wa joto ni feni na kiyoyozi, na mahitaji hayo tunayajenga wenyewe.

Wengi wetu hujenga kidogo kidogo kwa kutumia fundi wa mtaani, na nyumba huelekezwa barabarani, jua liwe wapi lisiwe wapi. Ndiyo maana utakuta vyumba vya kulala vina madirisha upande wa magharibi. Ukuta wa tofali za saruji hunyonya jua la alasiri, kisha huachia joto ndani usiku, saa ile ile watu wanapotaka kulala. Nyumba ikilazwa kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, jua hupiga kuta fupi, na madirisha ya kaskazini na kusini hupokea pepo za kaskazi na kusi. Kiwanja kikiruhusu, uamuzi huo hauongezi mfuko hata mmoja wa saruji. Ila lazima ufanywe kabla ya kuchimba msingi.

Halmashauri zikague jambo hili zinapotoa vibali vya ujenzi. Na kwa kuwa wengi hujenga bila kibali (tusidanganyane), wataalamu wa ujenzi wa Serikali wawafikie mafundi huko huko mitaani.

Mjenzi,
Mbagala, Dar es Salaam