Tuulize nani aliweza kumkatalia mtawala

Mhariri,

Somo la uongozi bora mara nyingi huishia kwenye orodha ya sifa: mwadilifu, mnyenyekevu, mwenye maono. Mwanafunzi huikariri, akapata alama zake, lakini haimsaidii kumpima kiongozi hata mmoja. Ninawaomba walimu wa historia washike swali moja tu: nani aliweza kumwambia mtawala "hapana", na alilindwa na nini? China na Ulaya zina mifano inayolifaa sana swali hili.

Tuanze na Taizong wa nasaba ya Tang, aliyetawala China kuanzia 626 hadi 649. Mshauri wake, Wei Zheng, awali alimtumikia kaka yake mfalme, yule yule ambaye Taizong alimuua ili apate kiti. Mwalimu asiifiche damu hiyo. Mtawala aliyesafishwa hafundishi kitu. Hata hivyo Taizong alimpa Wei Zheng nafasi ya kumkosoa waziwazi, naye akaitumia kwa miaka mingi. Alifariki 643. Baadaye mfalme akamshuku marehemu, akaamuru jiwe la kumbukumbu yake liangushwe. Mwaka 645 akaivamia Goguryeo, ufalme wa kale wa Korea, akakwama mbele ya ngome ya Ansi hadi baridi ikaingia na chakula kikapungua. Hapo ndipo alipojuta, akisema kwamba Wei Zheng angekuwa hai asingemwacha aende, na jiwe likasimamishwa tena. Kinga ya mkosoaji ilikuwa moyo wa mfalme, basi.

Uingereza, Juni 1215, makabaila walitafuta kinga ya maandishi. Kifungu cha 61 cha Magna Carta, hati iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme, kiliweka makabaila 25 wa kumsimamia Mfalme John. Wanne kati yao wangempelekea malalamiko. Asiporekebisha kosa ndani ya siku 40, wote 25 wangeweza kutwaa ngome na ardhi zake, ila wasimguse yeye, malkia wala watoto wao. Ni utaratibu wa kupendeza, lakini Agosti 24 mwaka huo huo Papa Innocent III aliifuta hati yote, vita vikafuata. Ilipotolewa upya 1216, kifungu hicho hakikuwamo. Toleo la 1225 ndilo lililodumu, na sababu yake iko kwenye pesa: Henry III, mwana wa John, aliitoa ili akubaliwe kodi ya sehemu moja ya 15 ya mali zinazohamishika. Mtawala anayehitaji kuombea kodi hulazimika kusikiliza.

Dakika 80 zinatosha. Vikundi vya watu wanne vipewe ukurasa mmoja kwa kila nchi, vijaze nani alikataa, kilichomlinda, na kinga ilipovunjikia. Safu hiyo ya mwisho ipewe nusu ya muda.

Kosa kubwa ni kumaliza kwa kura ya nani bora. Darasa hurudi kwenye "Wachina ni watiifu, Wazungu hupenda uhuru", na maneno hayo hayaelezi kwa nini hati ya 1215 ilivunjika ndani ya wiki kumi. Kosa jingine ni kumlinganisha Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, na bunge la leo. Hata mifano hii miwili imeachana kwa karne kadhaa, kwa hiyo mwalimu atamke mapema kwamba tunalinganisha kinga, si zama.

Kwa watunga mitihani: "Taja sifa tano za kiongozi bora" liondoke. Wekeni hili: "Eleza kilichomlinda Wei Zheng na kilichowalinda makabaila 25, kisha onesha kila kinga ilivyoshindwa."

Msomaji wenu