Nyuki wa ardhini wasimwagiwe mafuta ya taa

Mhariri,

Hapa Malindi baadhi yetu tukiona nyuki wakiingia vishimo vya uani, mbio tunaleta mafuta ya taa. Tunadhani chini kuna kundi zima. Mara nyingi hakuna! Wengi wa nyuki hawa hawana malkia wala asali ya kurina. Kila jike huchimba kishimo chake, akaweka donge la chavua iliyochanganywa na mbochi, yaani maji matamu ya maua, akataga yai juu yake, kisha akaziba. Ni nadra kumuuma mtu, ila umbane mkononi. Wengine hulitikisa ua la nyanya au biringanya kwa mvumo hadi chavua ikamwagika, kazi inayomshinda nyuki wa asali. Basi tunapotandaza matofali ya kabro uani kote, tuwaachie japo kipande cha udongo mtupu penye jua.

Mkulima wa mboga,
Malindi