Barua ya Wazi kwa Gavana wa Texas Kuhusu Silaha Zisizofungiwa Majumbani

Kwa Mheshimiwa Greg Abbott,
Gavana wa Jimbo la Texas,
Austin.

YAH: HOFU INAYOJAZA SILAHA MAJUMBANI, NA PENDEKEZO LAKO LA MWAKA 2018

Mheshimiwa Gavana,

Mimi ni mama na mkazi wa Houston. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wenzangu wengi waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania wamejenga maisha yao katika jimbo hili, na ningependa waisome barua hii sambamba nawe. Nakala ya Kiingereza nimeituma ofisini kwako.

Mgeni akifika Texas, habari za bunduki huanza kuzisoma milangoni. Kwenye mlango wa hospitali au wa duka hukuta bango la Kiingereza na Kihispania, lenye herufi zisizopungua inchi moja kama sheria ilivyoagiza, linalomkataza mtu kuingia na bastola. Pasipokuwa na bango, huna budi kudhani kwamba aliyesimama nyuma yako kwenye foleni huenda anayo, kwani tangu tarehe 1 Septemba 2021 mtu mwenye miaka 21 au zaidi, asiyezuiwa na sheria, hahitaji leseni ili aibebe hadharani. Tunaambiwa kwamba huu ndio utamaduni wa Texas tangu enzi na enzi. Hata bendera ya Gonzales ya mwaka 1835, yenye mzinga na maneno ya kuwataka askari wa Mexico waje wauchukue kama wanaweza, siku hizi huonekana mzinga ukiwa umeondolewa na mahali pake pakachorwa bunduki ya AR-15.

Lakini kumbukumbu za jimbo lenyewe zinasema vingine. Mwaka 1871 Bunge la Texas lilikataza watu kubeba bastola isipokuwa kwa sababu maalumu, na Mahakama Kuu ya jimbo ikalithibitisha katazo hilo muda mfupi baadaye. Kwa sura moja au nyingine, lilidumu hadi mwaka 1995. Sitaki kulipamba, maana lilisimamiwa na polisi na mahakama ambazo kwa miongo mingi hazikuwatazama Weusi na Wamexico kwa jicho lile lile walilowatazamia Wazungu. Hata hivyo, vizazi kadhaa vya Watexas viliishi chini ya katazo hilo, vikafuga ng'ombe na kuwinda paa, wala havikujiona vimepungukiwa na Utexas wao.

Kilicholiondoa ni msiba. Tarehe 16 Oktoba 1991, katika mkahawa wa Luby's mjini Killeen, mtu mmoja aliwaua watu 23 kwa risasi. Bi. Suzanna Hupp alipoteza baba na mama mle ndani, na bastola yake alikuwa ameiacha kwenye gari kwa kuiheshimu sheria. Aliusimulia msiba huo kila alipopata wasikilizaji, na ushuhuda wake ulichangia sana kupatikana kwa sheria ya mwaka 1995 iliyotiwa saini na Gavana George W. Bush. Siwezi kumlaumu, kwani aliyepatwa na hayo ana haki ya kutamani angekuwa na cha kujitetea. Ninachokiona ni kwamba uchungu wa kweli wa mtu mmoja uligeuzwa kuwa kanuni ya maisha ya kila mtu, na biashara ya silaha ikaipokea kanuni hiyo kwa mikono miwili. Mwaka 1999 kura ya maoni ya ABC News na Washington Post ilipowauliza Wamarekani wenye bunduki sababu kuu ya kuwa nayo, asilimia 49 walitaja uwindaji na asilimia 26 walitaja kujilinda. Mwaka 2013 taasisi ya utafiti ya Pew ilipouliza, waliotaja kujilinda walikuwa asilimia 48, na wawindaji wameshuka hadi 32.

Hofu hii imetufikia na sisi. Kabla sijamruhusu mwanangu kwenda kulala kwa rafiki yake, humpigia simu mzazi mwenzangu na kumuuliza kama wana silaha na wanaiweka wapi. Dada mmoja aliyekimbia vita Goma alinijibu bila kusita kwamba anayo, ipo kwenye droo ya kando ya kitanda, chini ya mitandio, na ina risasi. "Kule walitukuta mikono mitupu," aliniambia. Sikuwa na la kumjibu juu ya Goma. Nilimweleza tu kwamba watoto wetu huifungua droo ile kutafuta chaja ya simu.

Takwimu za Marekani nzima zinaonyesha hatari kubwa iko upande gani. Mwaka 2023 watu 46,728 walikufa kwa risasi, na kati yao 27,300 walijiua wenyewe. Anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa karibu mara tisa katika kila kumi, ilhali walio wengi kati ya wanaonusurika baada ya kujaribu kwa njia nyingine hawafi baadaye kwa kujiua. Kwa hiyo dakika chache za kutafuta ufunguo wa kasha la silaha zinaweza kumwokoa kijana. Katika jamii yetu tunaficha vifo vya namna hii: msibani tunaambiana kwamba marehemu alifariki ghafla, tunasoma dua au tunaimba, kisha tunatawanyika bila kuuliza silaha ilitoka wapi.

Tarehe 18 Mei 2018, katika shule ya sekondari ya Santa Fe, si mbali na hapa Houston, mwanafunzi wa miaka 17 aliwaua watu 10 kwa silaha za baba yake. Sheria ya Texas inayomwajibisha mtu mzima aliyeacha silaha mahali mtoto anapoweza kuifikia ilimtambua mtoto kuwa aliye chini ya miaka 17, na ilihusu silaha yenye risasi peke yake. Mwezi huo huo wewe mwenyewe ulitoa mpango uliopendekeza umri huo uwe chini ya miaka 18, silaha isiyo na risasi nayo ihusishwe, na adhabu iongezwe pale mtu anapokufa au kujeruhiwa vibaya. Bunge lilipokutana mwaka 2019, mapendekezo hayo hayakuwa sheria.

Ombi langu ni kwamba uyarudishe, uyataje kwa jina lako mbele ya wabunge kabla kikao kijacho cha kawaida hakijaanza, na usiwaachie wengine kazi ya kuyatetea. Yanamwachia dada yangu wa Goma bastola yake na kumtaka aifungie. Naomba pia kampeni za jimbo kuhusu utunzaji wa silaha zifanywe kwa Kiswahili, na makufuli ya bure yapatikane misikitini, makanisani na kwenye vituo vya afya tunakokwenda. Mimi na wazazi wenzangu tuko tayari kuyagawa.

Wako katika ujenzi wa jamii,
Mzazi na mkazi wa Houston