Mtoto wa darasa la kwanza kwenye kigari cha kusukuma, naombeni ushauri

Shikamoo anti, na wasomaji wote nawasalimu. Naomba mnisome mpaka mwisho maana hii ishu nyumbani kwangu imekuwa ubishi wa kila jioni, na mimi mwenyewe nashindwa kuamua na kuna mtu anasubiri jibu.

Iko hivi. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anaishi Florida kule Marekani, sio mbali na Orlando. Ametualika mimi na watoto wetu wawili likizo hii ya mwezi wa sita, viza zimetoka, nauli tumejibana tumelipa, baba yao anabaki na duka hapa Mbeya kwa sababu hela ya kwenda wanne haikuwepo. Zawadi wifi aliyowaandalia wanangu ni kuwapeleka Walt Disney World, yale maviwanja makubwa ya michezo ya Disney, tiketi za siku mbili kashanunua, siku ya kwanza Magic Kingdom yenye lile kasri na siku ya pili Animal Kingdom. Watoto tangu wasikie hawalali vizuri. Kule Animal Kingdom kuna kijiji kimejengwa kama cha Afrika Mashariki kinaitwa Harambe, na matembezi ya kuangalia wanyama yanaitwa Kilimanjaro Safaris, binti yangu ameniuliza mara ngapi sijui kama watu wa huko wataongea na yeye Kiswahili.

Mkubwa wa kiume ana miaka tisa, huyo sina wasiwasi naye. Mdogo wa kike ana miaka sita, yuko la kwanza, kilo zake 21, na ndo tunabishania yeye. Wifi ana mtoto wake wa miaka miwili ambae yuko kwenye strola muda wote. Sasa juzi kwenye video koli wifi akaniambia, wifi, hata huyu wako wa sita anahitaji kigari, tukodi kile cha watoto wawili wakae na mdogo wake, usije ukasema sikukwambia. Mume wangu alikuwa pembeni akasikia, akasema hapana. Mwanangu anaenda shule kwa miguu na kurudi kwa miguu, leo akakalishwe kwenye kigari kama kichanga? Mama mkwe yuko Tukuyu tukampigia tukaweka spika, na yeye akasema, mwanangu, huyu si ndo akija huku anashuka mtoni na wenzake na kupanda na kindoo chake, mnataka kumfundisha kudeka?

Na kweli mtoto anatembea, sibishi. Tukuyu yote ni milima na anaipanda. Ila kuna kitu hawa wawili hawakioni na mi naona kwa sababu mwisho wa siku mimi ndo nakuwa naye.

Mwaka jana tulienda Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale. Tulifika asubuhi, mtoto anaruka ruka, anataka kuona ng'ombe, anataka kuona sungura, anataka bembea. Mpaka saa saba mchana alikuwa mtu mwingine kabisa. Umbali wenyewe tuliotembea hata sio mkubwa, kwenda na kurudi shuleni nadhani anatembea zaidi, ila pale unatembea hatua kumi unasimama, unasukumwa na watu, unasubiri foleni ya bembea, jua liko utosini, vumbi, muziki kila banda na spika yake. Tulipofika kwenye mabanda ya mifugo, ambayo ndo aliyaulizia tangu nyumbani, akakaa chini kwenye vumbi akawa analia bila sababu, viatu hataki, maji hataki, soda hataki. Baba yake akambeba begani akalala hapo hapo mdomo wazi, ng'ombe hakuwaona. Tukarudi nyumbani. Kwaio nikiambiwa mtoto anatembea nasema sawa, anatembea akiwa anaenda mahali. Kusimama simama kutwa nzima kwenye kelele ni kitu kingine, hata mtu mzima miguu inawaka moto.

Na pale baba yake alikuwepo wa kumbeba. Florida hayupo. Mi nilizaa huyu binti kwa opereshini na mgongo haujawahi kuwa sawa tangu hapo, kilo 21 siwezi kuzibeba hata dakika tano, na wifi mikono yake ina mtoto wake.

Alafu kuna joto. Sisi huku tuko juu, mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita ndo baridi yenyewe, watoto wanaenda shule na sweta na kofia za sufu. Orlando iko karibu na usawa wa bahari, mwezi huo mchana nyuzijoto zinapita 30 na hewa nzito ya unyevu, na mchana mchana inashuka mvua ya radi. Huyu mtoto tukishuka Dar tu analegea siku mbili tatu, hali chakula, analala sebuleni kwenye sakafu. Sasa umtoe kwenye baridi ya hapa umpeleke moja kwa moja kwenye hiyo hali na umwambie tembea kutwa.

Basi nikaona nisibishane kwa hisia, nikakaa na wifi anieleze kila kitu kinavyokwenda kule, na hapa ndo nimechanganyikiwa zaidi, kwa sababu kila upande una hoja.

Kwanza vile vigari vinavyokodishwa pale ndani. Cha mtoto mmoja wifi anasema ni kama dola 15 kwa siku, cha wawili kama mara mbili yake. Ni vya plastiki ngumu, mgongo haulali. Cha mmoja wanashauri mtoto asizidi paundi 50, ambayo ni kama kilo 22 na nusu, kwaio wangu anaingia lakini kwa kubana, cha wawili jumla paundi 100 hapo hatuna shida. Lakini sikilizeni hii, hivyo vigari havitoki nje ya geti. Unakirudisha unapotoka. Na pale Magic Kingdom gari huliachi getini, unapaki ng'ambo ya ziwa, alafu unavuka kwa feri au unapanda ile treni yao ya reli moja, ndo unafika kwenye geti. Usiku kurudi ni hivyo hivyo. Sasa mi mtoto wangu nnayemjua hatalala saa saba mchana tu, atalala usiku baada ya fataki za kwenye kasri, na hapo ndo kigari cha kukodi nimesharudisha, nimebaki na mtoto amelala, feri, umati wa watu wote wanatoka kwa pamoja, na gari liko mbali. Yani kinakusaidia mchana kinakuacha usiku.

Njia ya pili ni kununua kile chepesi cha kukunja kama mwamvuli. Hiki unaingia nacho na kutoka nacho. Ila vingi vimeandikwa uzito wa mwisho, vingine kilo 15, vingine ndo vinafika 22, kwaio inabidi usome kibandiko kabla hujalipa. Nimeona vya mtumba Mwanjelwa, vizuri tu, lakini kibandiko kimeshang'oka na muuzaji anakwambia mama hiki kinabeba hata wewe. Sijanunua. Jirani yake wifi alijitolea kutuazima lile toroli la kuvuta ambalo watoto watatu wanaingia, nikafurahi, kumbe Disney wamelipiga marufuku tangu 2019, na hata strola ya kawaida ina vipimo, isizidi upana sentimita 79 na urefu sentimita 132.

Alafu kitu ambacho kinampa mume wangu nguvu ni kwamba foleni za michezo mingi huingii na kigari. Unakiacha sehemu ya kupaki, unasimama kwenye foleni na miguu yako, unapanda mchezo, unarudi kukitafuta, na wafanyakazi wa pale huwa wanavisogeza na kuvipanga upya kwaio unaweza usikikute ulipokiacha, watu wanafunga utepe au kitambaa wavitambue. Mume anasema unaona sasa, huko kwenyewe kunakochosha ndo kigari hakiingii, kwaio cha nini? Na hii hoja nimeishikilia kichwani siku nyingi maana ina ukweli. Ila jibu langu ni kwamba akitoka kwenye foleni akakaa dakika ishirini wakati tunasogea mchezo mwingine, miguu imepumzika, kivuli kipo, anakunywa maji, anaweza foleni inayofuata. Bila hivyo anatoka foleni anaingia kutembea anaingia foleni. Au najidanganya? Hapo mliofika mnisahihishe.

Hoja yake nyingine ni urefu. Kuna treni inakimbia gizani inaitwa Space Mountain, mtoto lazima awe na sentimita 112, na wetu tumempima kwenye fremu ya mlango ana 116. Mume anasema mtoto aliyeruhusiwa kupanda hiyo hawezi kuwa wa kusukumwa. Mi nasema urefu na pumzi ni vitu viwili, lakini yeye hapo amegota.

Binti mwenyewe sasa, na hili ndo linaniuma. Nilimuuliza taratibu nikiwa namsuka, mama, tukichoka huko kuna vigari vya kukaa, utapenda? Akanyamaza kidogo akasema, mimi sio mtoto, mdogo ndo mtoto. Kaka yake alikuwa anasikiliza akaanza kumtania, bebii, bebii, nikamkemea. Tangu siku hiyo kila akipanda ngazi ananiambia mama niangalie sijachoka. Sitaki mtoto aende safari ya maisha yake akiwa anajikaza ili athibitishe kitu, na sitaki pia nimkalishe kwa nguvu mbele ya kaka yake ajisikie vibaya. Wifi anasema kule wapo watoto hata wa miaka saba na nane wamekaa kwenye strola na hakuna anaemwangalia mwenzie, kila mtu na lake. Naamini. Lakini picha zitarudi huku, shangazi zake wataziona status, na watu wa kwetu mnawajua, itakuwa mtoto amefanya nini, anaumwa? Na siku nyingine unakuta mtoto mkubwa kakalishwa kweli kwa sababu ana tatizo ambalo halionekani kwa macho, na mama yake anasemwa, hiyo nayo sio sawa kabisa.

Wasiwasi wangu wa mwisho ni wa kimalezi na hapo nakubaliana na mama mkwe nusu. Kigari kikiwepo tangu asubuhi, atakaa tangu asubuhi. Wa wifi akishuka yeye atapanda, watagombania, mkubwa nae atataka zamu na huyo ana kilo nyingi. Nilikuwa nafikiria tuweke sheria, kwamba asubuhi kila mwenye miguu anatembea, kigari kinafunguliwa baada ya chakula cha mchana, au kiitwe kigari cha mabegi, maji na masweta, ambacho mtu akichoka anaruhusiwa kukaa. Sijui kama sheria za hivyo zinadumu ukishafika pale. Mume yeye amependekeza mazoezi, kila jumamosi asubuhi tuwapandishe mlima Loleza hapa Mbeya mpaka siku ya safari ifike. Tumeanza, watoto wanapenda, na sina ubaya nayo, lakini Loleza ni ubaridi na upepo, na unashuka muda unaotaka.

Na kuna wazo la kutoka mchana, yani saa saba tunaondoka tunaenda kwa wifi watoto wanalala tunarudi jioni. Wifi anasema ukihesabu treni, parking, barabara na kurudi tena, masaa yanaisha njiani na tiketi zile sio bei ya kuchezea. Anasema bora kutafuta sehemu yenye kiyoyozi mle ndani, onyesho la kukaa, watoto wakapumzika hapo.

Kwaio mi naegemea kununua kile cha kukunja kulekule, kinachobeba kilo 22, niwe nacho mpaka kwenye gari usiku, hata kama mchana kutwa kitabeba mabegi tu. Lakini naenda kinyume na baba yake, na yeye hayupo pale kuona, na sitaki iwe kesi nikirudi.

Anti, na nyie mama na baba mliowahi kupeleka watoto wa miaka mitano mpaka nane sehemu kama hizo, iwe Disney, iwe Dubai, iwe popote pa kutembea kutwa, mtoto wa umri huu alikaa kweli au kigari kilikuwa mzigo? Kile cha mwamvuli kinahimili mtoto wa kilo 21 siku mbili mfululizo au magurudumu yanakufa? Mlimwambiaje mtoto mkubwa ili asione aibu? Na baba zao mliwaelewesha vipi, maana mimi hapo ndo nimekwama zaidi. Wifi anataka jibu wiki hii kwa sababu kama ni kukodi cha wawili kwa zile kampuni za nje ya Disney ambazo kigari chake unaondoka nacho, inabidi aweke oda mapema.

Mama wa wawili, Uyole, Mbeya