Walionaswa na picha za ngono wapewe mahali pa kukutana

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie uraibu wa kutazama picha za ngono, jambo ambalo wengi wetu hulitaja kwa kunong'ona, na ambalo mimi mwenyewe nililificha kwa miaka tisa. Kila picha za ngono zinapojadiliwa, husikika sauti zinazotaka sheria ikazwe. Sheria ipo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuchapisha picha hizo kwa njia ya kompyuta, na sina ugomvi nayo. Lakini sheria hiyo humwandama anayesambaza. Haimfikii mtu mzima aliyejifungia saa nane usiku, bando likikaribia kuisha, akijiapiza kwamba hii ndiyo mara ya mwisho.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Ninaishi Tandika, nina mke na watoto wawili, na kazi yangu ni kutunza hesabu katika duka la jumla Kariakoo. Nilikuwa nikisubiri mke wangu apitiwe na usingizi, kisha naingia bafuni na simu na kufungulia bomba, ili akizinduka asikie ndoo inajazwa. Ndoo ikijaa, naimwaga na kuanza upya. Asubuhi nilisinzia ndani ya daladala, na kazini nilikosea kujumlisha hadi tajiri akaniondoa kwenye vitabu na kunipeleka stoo kwa miezi kadhaa. Nilifunga, nilitubu, nilibadili simu. Baada ya wiki mbili tatu nilirudi palepale na aibu kubwa zaidi, na aibu hiyohiyo ndiyo iliyonisukuma tena bafuni.

Walionitoa huko ni watu watano. Fundi seremala wa mtaani kwetu, ambaye aliwahi kukaa soba hausi alipokuwa akiacha dawa za kulevya, aliona kwamba desturi aliyoikuta kule, ya watu wenye tatizo moja kuketi na kuambiana ukweli, ingefaa pia kwa jambo hili. Desturi hiyo ina asili ya mbali, kwa maana mwaka 1935 huko Akron, Marekani, walevi wawili waliokutana waligundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake pale ambapo amekwisha kuwazibia masikio wengine wote. Sisi hukutana kila Alhamisi baada ya isha, nyuma ya karakana yake, Waislamu na Wakristo pamoja, na simu zote huwekwa ndani ya beseni mlangoni. Kila mmoja hueleza wiki yake ilivyokwenda, bila kusimulia alichokitazama, kwa sababu masimulizi nayo huamsha hamu. Aliyeteleza hahubiriwi, huulizwa ilikuwa saa ngapi, alikuwa wapi na nini kilitangulia. Kwa kujibu maswali hayo nilitambua kwamba karibu kila nilipoanguka ilikuwa siku ya kufunga hesabu, nikiwa nimefokewa. Sasa siku hizo simu yangu kubwa hulala kwa shemeji yangu, nami hubaki na kitochi, na kabla ya saa nne usiku nampigia mwenzangu mmoja. Mara nyingi tunaongea habari za Simba na Yanga tu, na hiyo hutosha.

Mke wangu nilimweleza mwezi wa nne tangu nianze kwenda karakana. Hakusema nami kwa siku tatu, na sikumlaumu. Siku ya nne aliniuliza kama Alhamisi nitakwenda.

Naomba nisieleweke kwamba kila anayetazama ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limetambua hali ya mtu kushindwa kudhibiti mwenendo wake wa ngono kwa muda mrefu, kama miezi sita au zaidi, hadi maisha yake yakavurugika. Tena linaeleza kwamba kujilaumu kwa sababu za kimaadili peke yake hakutoshi kumhesabu mtu kuwa nayo. Alikuja kwetu kijana aliyetazama mara chache akajiona amelaaniwa. Tulimtuliza, akaenda zake. Mwingine alikuwa na huzuni iliyotupita uwezo, naye tulimsindikiza hospitali akaonane na daktari wa magonjwa ya akili.

Ombi langu ni kwa viongozi wa misikiti, makanisa na serikali za mitaa: watoe chumba kimoja, jioni moja kwa wiki, na wasiandike majina ya wanaoingia. Mwaka 2011 jiji hili lilifunguliwa kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, Muhimbili kwa ajili ya watumiaji wa heroini, watu ambao wengi wetu tuliwaita mateja na kuwavukia upande wa pili wa barabara, na leo wapo waliorudi kazini na kwenye familia zao. Karakana yetu ina mabenchi mawili, na Alhamisi iliyopita watu watatu walikaa juu ya mbao.

Msomaji wako,
Tandika, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)