Kwenu wanangu mnaokaa dirisha la dawa

Wanangu,

Zamani mgonjwa mmoja alinirudia dirishani akauliza: "Mbona tangu niache vile vidonge vya usingizi nina hali mbaya kuliko kabla sijavianza?" Nilimjibu hovyo. Nawaandikia ili ninyi msijibu hovyo.

Ubongo una breki, na breki kuu ni kemikali iitwayo gaba. Ikishika kipokezi chake cha aina ya A, ambacho ni protini ya vipande vitano iliyoacha tundu katikati, tundu hufunguka. Kloridi yenye chaji hasi huingia ndani ya seli ya neva, na seli hiyo haichokozeki tena kirahisi.

Sasa tegeni sikio. Diazepamu na ndugu zake, ukoo wa dawa za kutuliza na za usingizi ulioanza kuuzwa mwaka 1960 kwa klordiazepoksidi, hazifungui tundu lile. Hukaa ubavuni, kati ya kipande cha alfa na cha gama, zikaisaidia gaba ilifungue mara nyingi zaidi. Pasipo gaba, hazina la kufanya. Babichureti, dawa za usingizi za zamani zaidi, ndizo zisizo na adabu! Hurefusha muda wa tundu kukaa wazi, na dozi ikizidi hulifungua zenyewe bila kuisubiri gaba. Hapo pumzi hukatika. Sisi wazee tulizihesabu kidonge kwa kidonge.

Pombe nayo hukanyaga breki hiyohiyo. Kwa hiyo msiseme tu "usichanganye" kisha mkaita anayefuata. Mwambieni mgonjwa kwamba akichanganya anaweza kulala asiamke.

Na yule wangu? Breki ikikanyagwa miezi mfululizo, ubongo hujirekebisha: vipokezi huitikia kwa uvivu, na upande wa kuchangamsha huongeza nguvu. Ukiondoa dawa ghafla, upande ule unabaki hauna wa kuuzuia, ndipo huja kutetemeka, kukesha, hofu, hata degedege kwa mtu mzima. Dozi hushushwa kidogokidogo, kwa wiki nyingi au miezi, daktari akiangalia. Maneno hayo machache ndiyo niliyomnyima.

Mtakaopelekwa chumba cha dharura, msiikimbilie flumazenili. Ni kweli huzing'oa diazepamu na ndugu zake kwenye kipokezi, ila kwa aliyezizoea inaweza kumletea degedege palepale. Ulizeni kwanza amezitumia tangu lini. Kama hawezi kusema, muulizeni aliyemleta.

Mzee wenu